Ugonjwa Uliojificha Jumatatu

Mdogo wangu hajawahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu waliosema kinyume chake wengi bado wako hai, wanapita mtaani vifua mbele, na sitaki mtu asome habari hii huku anajiuliza kimoyomoyo, labda kidogo, labda siku za furaha. Hata kidogo. Siku ya harusi yake alishika glasi ya soda mpaka gesi ikaisha, kwa sababu alikuwa anaongea tu, hana muda wa kunywa.

Ni kinyozi, na mtaani wanamwita Redio. Mama yetu alifariki yeye akiwa hajaota meno, nikamlea mimi dada mtu, msichana wa shule ya msingi, na shule yangu ikaishia hapohapo. Sijutii. Niliyekuwa nimembeba mgongoni alikuwa anaongea kabla hajatembea. Alipokua akajifunza kazi ya kunyoa, na sote tukaona kwamba hapo Mungu hakukosea. Kazi ya mikono na mdomo kwa pamoja ilikuwa ya kwake.

Duka lake la kunyolea, ambalo nalo tunaliita kinyozi, ni chumba kimoja kati ya muuza vipuri vya baiskeli na fundi viatu. Kuna kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, vioo viwili vinavyotazamana ili mteja aone kisogo chake, na benchi ukutani. Kwenye benchi wanakaa wanaosubiri kunyolewa na wale ambao hawanyolewi kabisa, wamefuata maneno tu. Kulikuwa na mzee mmoja kipara, hana hata unywele, anakuja kila siku. Redio akimwambia, "Baba, leo tunakata mtindo gani?" naye anajibu, "Punguza pembeni, katikati niachie," na watu wanacheka kama hawajaisikia jana.

Basi, mambo yalianza na kope. Kope ya jicho la kushoto ikawa inashuka jioni. Watu wa benchi wakafanya mzaha: "Redio, unamkonyeza nani?" Yeye naye akajibu kwamba anamkonyeza mke wa fundi viatu, fundi akapiga kelele huko aliko, siku ikapita. Halafu ikaja mikono. Kunyoa ni kazi ya kuinua mikono tangu asubuhi, na aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana mikono yake huwa kama ya chuma. Sasa yeye akaanza kuegemeza kiwiko kwenye bega la mteja. "Kwani mimi meza?" wakamuuliza. Kisha sauti. Ikifika jioni maneno yanatoka puani, mazito, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Hapo mzaha ukapata jina: betri za Redio zimeisha. Asubuhi anaamka mzima kabisa, anaimba akifagia nywele za jana, na jioni ni yuleyule anayeburuta ulimi.

Jumamosi moja, jua linazama, wembe ulimponyoka ukamkata mwalimu mkuu sikio. Si jeraha kubwa, lakini sikio lina damu nyingi na kitambaa kilikuwa cheupe. Mwalimu mkuu alisimama barabarani na hicho kitambaa shingoni, akatangaza kwa sauti ya gwaride: "Huyu mtu anashika wembe akiwa amelewa!" Tangu siku hiyo benchi likaanza kupungua.

Ndipo tukaanza hospitali. Vinyozi wa kwetu hufunga Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ndiyo inayowaua na Jumapili wanafanya kazi mpaka mchana. Kwa hiyo Redio akienda hospitali anakwenda Jumatatu, alfajiri, ili awahi foleni. Mimi nakwenda naye kila mara, nimevaa nguo yangu nzuri, kwa sababu nimeona jinsi mtu aliyevaa vibaya anavyosemeshwa kule. Nawe kumbuka tu: Jumatatu, asubuhi, amelala tangu Jumapili mchana.

Daktari wa Jumatatu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani na mikono misafi. Sitasema alikuwa mkali. Mkali ungejua pa kumshika. Alikuwa mpole wa kuudhi, anaandika huku anakusikiliza, na ukimaliza unakuta alishamaliza kuandika zamani. Kwanza akasema malaria. Tukameza dawa. Halafu homa ya matumbo. Tukameza. Halafu akatupeleka kwa wa macho, Redio akavalishwa miwani. Miwani! Jamani, miwani inainua kope? Alikaa nayo kinyozini, jicho limejifunga nyuma ya kioo kama duka lililofungwa lenye dirisha safi.

Tuliporudi tena, yule daktari akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. Akamtazama Redio, aliyekaa pale mzima, macho yote mawili wazi, sauti kama kengele.

"Kwa hiyo asubuhi huna shida."

"Sina, daktari."

"Jioni macho mazito, ulimi mzito, mikono inalegea."

"Ndiyo hivyohivyo."

"Sasa kaka yangu, kati ya asubuhi na jioni kuna nini?"

"Kuna kazi, daktari."

Daktari akatabasamu. Lile tabasamu ninalo mpaka leo, ningekuwa mchoraji ningekuchorea. "Unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Sinywi."

"Wote husema hivyo."

Nikaingilia. "Daktari, huyu nimemlea mimi. Hanywi."

"Mama," akaniambia, "walezi ndio huwa wa mwisho kujua."

Nilimlea nikiwa sina hata matiti ya kumdanganyia asilie, halafu mtu aliyemjua kwa muda wa kujaza karatasi ananiambia mimi ni wa mwisho kujua. Redio alinibonyeza goti. Mara iliyofuata daktari aliongeza kwamba pamoja na pombe kuna mawazo mengi, akamwandikia vidonge vya kutuliza akili, avimeze kila jioni.

Vile vidonge vilimfanya awe mlegevu kama kitambaa. Na neno lile, pombe, lilitoka hospitali likatangulia kufika nyumbani kabla yetu. Unajua neno la daktari lilivyo. La mwalimu mkuu lilikuwa la hasira, watu wakaliamini nusu. La daktari halina nusu.

Siku moja nilimkuta wifi yangu, mke wa Redio, amepiga magoti nyuma ya nyumba, amezamisha mkono mpaka begani kwenye pipa la maji.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Chupa."

"Chupa ya nini?"

"Wifi, usiniulize kama hujui." Alikuwa analia, mkono ungali ndani ya maji. "Namnusa mdomo akilala. Sisikii kitu. Nimetafuta darini, nimetafuta kwenye viatu. Heri niipate hiyo chupa, nijue nina mume mlevi, niwe kama wanawake wengine. Kuliko hivi, mtu anakwisha mbele yangu na sina hata cha kukasirikia."

Sikuweza kumgombeza. Nilimpa kitambaa ajifute mkono.

Kwa sababu kweli alikuwa anakwisha. Jioni hatafuni mpaka ashike kidevu chake kwa mkono na kukisukuma juu, kama mtu anayesaidia taya la mtoto. Chai anayokunywa inarudi puani. Akicheka uso haucheki, midomo inakaa tu kama imeshonwa. Alikuwa akiogopa kula mbele ya watu, na mtu anayeogopa kula hana safari ndefu.

Baba mdogo wetu, ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, akaita kikao. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akakunja miguu. "Wanangu, aibu hii imetosha. Kuna nyumba ya kuachishia pombe, nimeshazungumza nao. Wanamfungia ndani, wanampa dawa zake za daktari, hatoki mpaka apone. Jumatatu tunampeleka."

"Apone nini, baba mdogo?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyemdekeza."

Nikamgeukia Redio ili ajitetee. Mtu huyu, ambaye tangu utotoni mdomo wake haukuwahi kukosa jibu, alikuwa amekaa kichwa kimeanguka, amekiinua kidogo kwa kidole gumba ili anione.

"Dada," akasema kwa ile sauti ya puani, "labda nakunywa na sijui."

Nimezika wazazi. Nimezika mume. Sikumbuki neno lililonichoma kama lile. Walikuwa wamemwambia uongo wa kistaarabu kwa muda mrefu mpaka ameanza kujishuku mwenyewe. Nikajua akiingia katika nyumba ile, huku anapaliwa na maji, pasipo mtu wa kumshika kidevu, tutaletewa maiti, na watatuambia ni pombe.

Jumamosi hiyo alitaka afungue kinyozi kwa mara ya mwisho. Nikamwambia naja kukaa nawe. Nilikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi, kwenye nafasi ya mzee kipara, aliyeacha kuja. Nilikuwa na jambo moja tu: nione kila kinachoingia katika mdomo wa mdogo wangu, ili nikienda kuapa, niape kwa macho. Kilichoingia ni maji. Basi. Na bado, kadiri vichwa vilivyopita chini ya mikono yake, nilimwona anazimika. Kwanza kope ya kushoto, kisha ya kulia. Kisha kiwiko kikatafuta bega la mteja.

Mteja wa alasiri alikuwa dereva wa teksi. Redio alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa aliposimama anywe maji. Yakampalia. Hakukohoa kama watu wanavyokohoa. Hakuwa na nguvu ya kukohoa. Alisimama tu ameshika meza ya mashine, mdomo wazi, macho yamefungwa, maji yanatoka puani, na mimi nampiga mgongoni kwa kiganja changu cha kizee. Pumzi iliporudi alikaa chini sakafuni juu ya nywele za watu.

"Tunakwenda hospitali," nikasema.

"Leo?" Nilimsikia kwa shida. "Leo siku ya kazi, dada. Jumatatu si hiyo hapo?"

"Jumatatu yako nimeichoka! Inuka!"

Dereva wa teksi akajifungua kitambaa shingoni. "Mama, gari lipo hapo nje."

"Na kichwa chako?"

"Kichwa hakiendeshi gari, mama. Twendeni."

Ndivyo tulivyofika mlango wa dharura: Redio na aproni yake iliyojaa nywele, mimi na nguo ya nyumbani, na mwanamume mwenye nusu kichwa. Nesi wa mlangoni akamwangalia dereva kwanza. "Huyu kafanyiwa nini?" Tulipomwonyesha mgonjwa mwenyewe, akamsikia anavyosema jina lake, akakunja pua. "Mama, huyu amelewa. Mpelekeni nyumbani alale. Kliniki ni Jumatatu."

Hapo nilipasuka. Sikujua kama nina sauti hiyo. Nilimshika mdogo wangu kidevu, nikamwinua uso mbele ya ukumbi mzima. "Mnuse!"

"Mama, tafadhali..."

"Tafadhali ya nini? Mmesema pombe, na pombe ina harufu. Njoo umnuse! Nani hapa ana pua? Aje!"

Akatoka daktari mwanamke, kijana, ameshika kikombe, nadhani nilimkatiza chai yake. Hakuniambia nitulie. Alikuja akaweka uso wake karibu na mdomo wa Redio, akavuta pumzi, akamwambia nesi, "Huyu hana harufu yoyote. Mwingize."

Ndani alimkalisha kitandani. "Tazama taa ile juu. Usishushe macho." Redio akatazama. Kope zikaanza kushuka, taratibu, hata mimi niliyezizoea nikaziona upya, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayeziangalia. "Sasa nihesabie kwa sauti." Akaanza kuhesabu, na namba zikawa zinazama moja baada ya nyingine puani, mpaka zikawa pumzi tupu.

Daktari akanigeukia. "Asubuhi leo alikuwaje?"

"Mzima. Aliimba."

"Kliniki alikuwa anakuja lini?"

"Jumatatu. Vinyozi hufunga Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri, daktari. Kwa ajili ya foleni."

"Na Jumapili?"

"Analala tangu mchana."

Akafumba macho kidogo. "Kwa hiyo hakuna daktari aliyewahi kumwona akiwa amechoka."

Alimwita nesi, akaomba barafu. Wakaitia ndani ya glavu, wakaifunga, akamwekea Redio juu ya jicho la kushoto na kumwambia atulie. Tulisubiri. Dereva alikuwa amechungulia mlangoni, hakuna aliyemfukuza. Glavu ilipoondolewa, lile jicho lilifunguka. Likakaa wazi, jicho la mdogo wangu, linanitazama alasiri.

"Mungu wangu," alisema dereva.

Daktari akatueleza polepole, akamweleza Redio mwenyewe, si mimi. Kwamba kuna ugonjwa ambao askari wa mwili wanakosea adui, wanazuia amri ya mishipa ya fahamu isifike kwenye misuli. Misuli ikipumzika inafanya kazi. Ikitumika sana inazima. Ubaridi unaisaidia kidogo, ndiyo maana ya barafu. Atapima damu kuthibitisha, lakini hana shaka sana. Ni ugonjwa adimu, akasema, daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone. Hautoki kabisa, ila una dawa, na watu wanaishi nao. Kisha akauliza anatumia dawa gani sasa. Nikamtolea, kutoka mfukoni mwa aproni ya Redio, vile vidonge vya kutuliza akili.

Uso wake ukabadilika. "Hivi vinamlegeza zaidi. Angeendelea navyo, na hali yake ya kumeza ndiyo hii, pumzi ingeweza kukatika."

"Jumatatu angefungiwa mahali apewe hivyo kila jioni," nikamwambia.

Alivitupa kwenye ndoo ya taka, nikaipenda ile sauti ya kudondoka kwavyo.

Watu waliniambia baadaye, shukuru basi. Nilishukuru, nilimshika yule binti mikono yote miwili. Lakini hasira haikupungua, iliongezeka. Barafu! Si mashine kubwa, si kusafirishwa. Barafu ndani ya glavu, na swali la lini. Tulikuwa tumemwambia mwenzake kila kitu, asubuhi mzima, jioni hivi, kwa vinywa vyetu, tukiwa tumevaa vizuri, na alichosikia ni chupa.

Redio alilazwa. Dawa ilipoanza kushika, wifi yangu alimwona akinywa chai mpaka chini ya kikombe bila kuifuta puani, akatoka nje ya wodi akakaa sakafuni. "Nilikuwa namnusa," akasema. "Wifi, nilikuwa namnusa kama mbwa." Baba mdogo alikuja na machungwa, akazungumza habari za mvua kwa kirefu, akaondoka.

Aliporuhusiwa, majibu ya damu yakiwa yamethibitisha, nilisema kuna pahali pamoja pamebaki. Redio hakutaka. Nilimwambia asipokwenda nitakwenda peke yangu, na peke yangu nitasema mabaya zaidi. Tukaenda Jumatatu.

Daktari wa miwani alisoma barua ya mwenzake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aa. Ni ugonjwa adimu sana, mama."

"Ugonjwa ndio adimu. Mdogo wangu si adimu, alikuwa kwenye kiti hicho kila mara."

"Sisi tunatibu tunachokiona."

"Pombe uliiona wapi?"

Nje ya mlango foleni ilikuwa inanung'unika. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Basi, poleni sana."

"Pole," nikamwambia, "unampa mtu uliyemkuta ameanguka. Uliyemsukuma humpi pole."

"Dada, twende," Redio akasema.

"Mama, kuna wagonjwa wanasubiri."

"Watasubiri. Na sisi tulisubiri."

Nilikaa. Nilikuwa nimeweka mkoba mapajani na nilikuwa tayari kukaa mpaka wafunge geti. Daktari alimtazama Redio kwa muda mrefu, nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama bila kalamu. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, "Samahani. Nilikosea. Hukuwa unakunywa."

Redio akainuka haraka, akampa mkono. "Yamekwisha, daktari. Sote binadamu." Kwa ile sauti yake ya asubuhi, ya ukarimu, kana kwamba alikanyagwa kidole tu. Sasa ananyoa asubuhi tu, kwa mashine, mchana anafunga na kulala, wembe hashiki tena. Nusu ya wateja wake hawakurudi, na wengine wanaorudi wanamwangalia mikono. Hayo yote alimsamehe pale kwa kupeana mikono mara moja.

Daktari akaninyooshea na mimi mkono. Sikuupokea. Nilisimama, nikajifunga vizuri, nikatoka.

Kwenye ngazi Redio alianza: "Dada, ameshaomba msamaha, sasa unataka nini tena?"

"Wewe umesamehe yako," nikamwambia. "Yangu usiiguse."